Kinyago Kilichorudi kwa Hisani

Mwaka 1984 wezi walivunja Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam wakaondoka na vitu 17. Kimojawapo kilikuwa kinyago cha Kimakonde, cha aina ile ambayo mchezaji wa ngoma huivaa ikamfunika kichwa kizima. Mwaka uliofuata kinyago hicho kilikuwa sokoni Paris, na kikanunuliwa kwa ajili ya makumbusho binafsi ya Geneva yaitwayo Barbier-Mueller. Mwaka 1990 profesa wa Kiitaliano, Enrico Castelli, akawaarifu wenye makumbusho hayo kwamba walichonacho ni mali ya Tanzania, na kwamba iliibwa.

Mtu angedhani habari imeishia hapo: wizi umejulikana, mali imeonekana, mwenyewe yupo. Lakini ilichukua miaka mingine 20. Zikawepo barua, mazungumzo, kimya, kisha mazungumzo tena. Mwaka 2006 Tanzania ikalipeleka shauri kwenye kamati ya UNESCO inayoshughulikia kurejeshwa kwa mali za utamaduni. Hatimaye tarehe 10 Mei 2010, mjini Paris, wawakilishi wa pande mbili wakatia saini, na kinyago kikaruhusiwa kurudi nyumbani.

Sasa angalia kilichosainiwa. Ilikuwa hati ya zawadi. Makumbusho ya Geneva yaliitunuku Tanzania kitu kilichoibwa Tanzania, na sisi tukapokea na kushukuru. Siwalaumu waliosaini kwa upande wetu; hawakuwa na fimbo mkononi. Mkataba wa UNESCO wa 1970 wa kuzuia biashara haramu ya mali za utamaduni Tanzania iliuridhia mwaka 1977, lakini Uswisi iliingia mwaka 2003, na mkataba huo haurudi nyuma kushika yaliyofanyika kabla ya nchi kujiunga. Ununuzi wa 1985 ulikuwa umeshapita mlango wa sheria. Kilichobaki ni kubembeleza. Na kilichotangazwa siku ile ya Mei ni kitu kimoja kati ya vile 17.

Nakisimulia kisa hiki kwa watu wa Singida kwa sababu ni rahisi kukisikia kama habari ya Dar es Salaam na Geneva, ya wakubwa na wanasheria, isiyotuhusu sisi wenye alizeti, asali na vumbi. Matawi ya Makumbusho ya Taifa yako Dar es Salaam, Arusha, Butiama na Songea. Msafiri wa basi la Mwanza akipita hapa hutuhusisha zaidi na kuku wa kienyeji. Lakini vitu vya kale tunavyo, na vipo mikononi mwa watu wengi kuliko tunavyodhani: kwenye ofisi za halmashauri, parokiani, shuleni, na zaidi ya kote, majumbani mwa koo. Kuna ngao na mikuki ya Kinyaturu, mizinga ya nyuki ya magogo, vigoda vya watemi wa Kinyiramba na Kinyisanzu, pinde za Wahadzabe wa Mkalama, ngoma za Kigogo kule Manyoni. Kilimatinde yenyewe, na boma lake la Kijerumani, imo kwenye orodha ya awali ambayo Tanzania iliipeleka UNESCO mwaka 2006 kuhusu njia kuu ya kati ya watumwa na pembe za ndovu, pamoja na Bagamoyo na Ujiji. Siku ambayo mkoa utaamua kukusanya vitu hivi chini ya paa moja la umma, na siku hiyo ninaitamani, swali la kwanza litakuwa lilelile ambalo kinyago cha Kimakonde kiliuliza: nani anahesabu, anahesabu nini, na anamsomea nani hesabu hiyo?

Makumbusho yoyote ya umma yana madaftari mawili. Moja liko langoni. Hilo ni la wageni: wamekuja wangapi, wangapi wanafunzi, wangapi wa nje, fedha kiasi gani zimeingia kwa namba ya malipo ya serikali. La pili liko stoo, na hilo ni la vitu: kila kitu na namba yake, kilipotoka, aliyekitoa, siku kilipopokelewa, rafu kilipo. Daftari la kwanza lina wasomaji wengi. Takwimu zake huingia kwenye taarifa za robo mwaka, husomwa kwenye hotuba za bajeti, huandikwa magazetini, na kiongozi wa taasisi husifiwa au husemwa kwa sababu yake. La pili linasomwa na mtunza stoo, kama hajahamishwa.

Hapo ndipo hatari ilipo, na haianzii kwa mtu mbaya. Mkuu wa makumbusho akijua atapimwa kwa idadi ya wageni, ataitafuta idadi ya wageni. Ataita mabasi ya shule, jambo jema kabisa. Atakodisha viwanja kwa harusi na mikutano, na mwisho wa mwezi waliokuja kula pilau watahesabiwa pamoja na waliokuja kuona fuvu la kale. Atanunua rangi ya lango kabla ya kununua makabati ya stoo. Hakuna alichoiba. Ila mwaka baada ya mwaka jicho la taasisi limeelekea mlangoni, na mgongo umeelekea ghalani. Mfugaji wa Ikungi anapofunga zizi jioni hahesabu watu waliosimama barabarani kutazama ng'ombe wake, anahesabu ng'ombe.

Wenye kudhani kwamba hili ni tatizo la nchi maskini wasome yaliyotokea London. Mwaka 2023 British Museum ilipata wageni wapatao milioni 5.8, idadi ambayo makumbusho nyingi duniani zingeionea wivu. Agosti ya mwaka huohuo ilitangaza kwamba vitu vimepotea, vimeibwa au vimeharibiwa stoo, na hesabu iliyokuja kutajwa ilikaribia 2,000. Vingi vilikuwa vidogo: vito vya kuchonga, vipande vya dhahabu, pete za kale za Kigiriki na Kirumi. Havikuwa kwenye maonyesho, kwa hiyo hakuna mgeni hata mmoja kati ya hao mamilioni aliyegundua kwamba havipo. Aliyegundua ni mfanyabiashara wa vitu vya kale kutoka Denmark, Ittai Gradel, aliyeona vitu vikiuzwa kwenye mtandao wa eBay na kuvitambua. Kito kimoja cha Kirumi, ambacho wafanyabiashara wa vitu vya kale walisema kingeweza kufika makumi ya maelfu ya pauni, kiliwekwa pale mwaka 2016 kwa bei ya kuanzia pauni 40. Bei hiyo peke yake ilitosha kumshtua mtu anayejua.

Gradel aliwaandikia mwaka 2021. Akajibiwa kwamba wamechunguza na vitu vyote vipo. Miaka miwili baadaye mkurugenzi, Hartwig Fischer, alijiuzulu, akikiri kwamba onyo lile halikushughulikiwa inavyopaswa. Mamia ya vitu yamepatikana tangu hapo. Lakini kinachosumbua kuliko wizi wenyewe ni kwamba sehemu kubwa ya makusanyo yale, yanayokaribia vitu milioni nane, haikuwa imeorodheshwa kikamilifu. Utaripoti vipi polisi kuibwa kwa kitu ambacho daftari lako halina picha yake? Makumbusho ikaahidi kuorodhesha na kupiga picha kila kitu ndani ya miaka mitano. Taasisi iliyofungua milango yake mwaka 1759 ndiyo inaahidi hivyo.

Nimetaja wizi mara mbili, na wizi una faraja moja: mtu anaweza kushikwa. Kuuza ni jambo jingine, kwa sababu anayeuza ni mwenye funguo, anauza mchana, kwa azimio la kikao halali. Mji wa Northampton huko Uingereza ulikuwa na sanamu ya Kimisri ya Sekhemka, mwandishi wa enzi za kale, iliyochongwa zaidi ya miaka 4,000 iliyopita na kukabidhiwa kwa makumbusho ya mji katika karne ya 19. Julai 2014 halmashauri iliipeleka mnadani kwa Christie's. Pamoja na ada ya mnada bei ilifika pauni milioni 15.76, na sehemu kubwa, karibu nusu, ikaenda kwa lodi ambaye familia yake ndiyo iliyokabidhi sanamu hiyo. Halmashauri ilisema fedha zake zitapanua jengo la makumbusho, na kweli jengo lilipanuliwa.

Madiwani wetu wangepiga makofi, na mimi nisingewashangaa. Kitu kimoja kimetoka, jengo limepatikana. Ila Baraza la Sanaa la Uingereza liliinyang'anya makumbusho hiyo ithibati yake na kuifungia kuomba tena kwa miaka mitano, na bila ithibati milango ya misaada mingi ikafungwa. Serikali ya Misri ililalamika, wananchi wa Northampton wakaandamana, serikali ya Uingereza ikazuia sanamu isitoke nchini kwa muda ili mnunuzi wa ndani apatikane. Hakupatikana. Mwaka 2016 sanamu ikaondoka, na umma haukuambiwa imekwenda kukaa wapi. Mtoto wa Northampton ambaye babu yake alimwonyesha sanamu ile leo akienda anakuta ukumbi mzuri. Naona madhara makubwa zaidi yalikuwa kwa watu ambao hawajawahi kufika mji huo: nani atampa makumbusho urithi wa familia, iwapo kikao cha baadaye kinaweza kuugeuza fungu la bajeti?

Mzee wa Ilongero aliyehifadhi mkuki wa babu yake juu ya dari atauliza swali hilo bila kusoma gazeti lolote. Na ana haki ya kujibiwa kabla hajaushusha.

Sheria zetu zina meno kiasi. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyorekebishwa 1979, inazuia kuuza na kusafirisha nje vitu vya kale bila kibali. Sheria ya 1980 iliunda Makumbusho ya Taifa kama shirika lenye bodi. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) anakagua kwa mujibu wa ibara ya 143 ya Katiba, na taarifa zake hufika Bungeni. Lakini mkaguzi anakagua mizania, na hapo pana tundu ambalo watu wachache nje ya uhasibu wanalijua. Viwango vya kimataifa vya uhasibu wa sekta ya umma, ambavyo serikali yetu inavifuata, kwa muda mrefu havikuzilazimisha taasisi kuingiza mali za urithi kwenye mizania, kwa hoja kwamba hazina bei ya soko inayoaminika. Hoja ni ya busara. Matokeo yake ni ya ajabu: chini ya utaratibu huo gari bovu lililoegeshwa nyuma ya jengo lina namba ya mali, thamani na uchakavu wake, na likipotea itabidi mtu aandike maelezo. Ngao iliyobeba historia ya ukoo inaweza isionekane popote kwenye karatasi anayopewa mkaguzi wa fedha. Ikipotea, mizania inalingana vilevile hadi senti ya mwisho.

Kwa hiyo anayesubiri taarifa ya CAG imlindie vitu vyake anasubiri basi kwenye kituo ambako halisimami. Rejista ya vitu lazima idaiwe kwa njia nyingine, na anayeidai ni umma.

Nguvu ya maandishi hata madogo imeonekana jirani zetu Kenya. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee Kalume Mwakiru, Mgiriama, akiwa mbele ya vigango viwili, yaani nguzo za ukumbusho za kuchonga, alivyowasimikia ndugu zake marehemu. Muda mfupi baadaye vigango vikaibwa. Mwaka 1999 Udvardy, akiwa kwenye mkutano wa wasomi Marekani, akaona picha ya kimoja kikiwa kwenye makusanyo ya makumbusho huko Illinois. Cha pili kikapatikana kwenye makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Mzee mwenyewe alikuwa ameshafariki. Vyote viwili vilirudi, na mwaka 2007 familia ikakabidhiwa. Mamia ya vigango vingine viko kwenye nyumba na makumbusho za Marekani, na vingi haviwezi kurudishwa kwenye kijiji fulani kwa sababu hakuna anayeweza kuthibitisha vilitolewa boma gani. Picha moja ya mwaka 1985 ilifanya kazi ambayo hotuba zote za utamaduni hazikuweza kuifanya.

Berlin nako kumeonekana jambo linalofanana, na linauma zaidi. Taasisi inayosimamia makumbusho za taifa za huko ilichunguza mafuvu ya binadamu yaliyochukuliwa kutoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, na mwaka 2023 ikatangaza: 904 asili yake ni Rwanda, 202 Tanzania, 22 Kenya. Fuvu moja la Kilimanjaro lilikuwa limeandikwa Akida, cheo cha mshauri wa mangi. Kwa kufuata maandishi hayo na vipimo vya vinasaba, wazao wake walio hai wakapatikana. Mkoloni aliyechukua kichwa aliandika lebo. Lebo ikamsaliti baada ya zaidi ya karne moja. Wanyaturu husimulia habari za Liti, mwanamke aliyewapinga Wajerumani, nyuki wakiwa jeshi lake, na uwanja wa mpira wa Singida uliokuwa ukiitwa Namfua sasa unaitwa kwa jina lake. Masimulizi yake yamo vinywani mwa wazee. Ningependa siku moja yawe pia kwenye daftari, yakiwa na jina la msimulizi, kijiji na tarehe.

Kwa sababu yaliyoandikwa na wengine tunayajua yalipo. Ludwig Kohl-Larsen, daktari Mjerumani na mwanachama wa chama cha Wanazi, aliendesha misafara miwili nchini kati ya 1934 na 1939, akizunguka bonde la Eyasi na nchi ya Wanyisanzu. Alichimba mifupa, alinakili michoro ya miambani, alikusanya hadithi za Wahadzabe na majirani zao. Kipande cha taya alichokipata Garusi, karibu na Laetoli, kiko Chuo Kikuu cha Tübingen. Hadithi alizichapisha kwa Kijerumani. Mwanafunzi wa Nduguti akitaka kusoma kile ambacho babu wa babu yake alimsimulia mgeni karibu na moto, itambidi kwanza ajifunze Kijerumani. Sisemi hili ili kumtukuza Kohl-Larsen. Nasema aliweka kumbukumbu kwa faida yake, nasi bado tunabishana kama kumbukumbu ni kazi ya mtu mwenye cheo.

Basi siku hoja ya makumbusho ya mkoa itakapofika kwenye kikao, diwani asiridhike na mchoro wa jengo na makadirio ya wageni. Makadirio hayo ni rahisi kuandika. Mtu mwenye kompyuta na chai atayamaliza kabla ya saa sita. Aulize stoo itakuwa na watu wangapi, na mtunzaji akihamishwa kwenda Tabora atamkabidhi nani, mbele ya nani. Aulize ni lini katika mwaka vitu vitahesabiwa kimoja kimoja, na kama wawakilishi wa koo zilizovitoa wataitwa kushuhudia. Aulize kanuni inasema nini kuhusu kuuza, kuazimisha na kutupa kilicholiwa na mchwa, kwa sababu mchwa wa Singida wamesingiziwa mengi hata na stoo za mazao. Idadi ya wageni ibandikwe ubaoni, ndiyo, lakini imegawanywa: waliolipa, wanafunzi, waliokuja kwa sherehe. Na karibu yake ibandikwe nyingine: vitu vilivyopo kwenye rejista, vilivyoonekana siku ya kuhesabu, na tofauti. Tofauti ikiwa sifuri miaka kumi mfululizo bila hata kibuyu kimoja kuvunjika, hapo ndipo mkaguzi awe na wasiwasi.

Na yule mzee wa Ilongero, akiamua kuushusha mkuki, asiutoe kwa kupeana mikono na kupigwa picha na mkuu wa wilaya tu. Mkuki upigwe picha pande zote, pamoja na ufa wa mpini na alama ya mhunzi. Iandikwe karatasi yenye urefu wake, jina la aliyekuwa nao, jina la anayeutoa na la anayeupokea, na masharti kwamba hauuzwi, hauazimwi nje ya mkoa bila familia kuarifiwa, na kwamba mjukuu yeyote akija na karatasi hiyo ana haki ya kuonyeshwa mkuki siku hiyohiyo, hata kama uko stoo na mwenye funguo ameenda mnadani. Nakala mbili, mihuri miwili. Moja inabaki ofisini, na nyingine inarudi na mzee nyumbani, ikae sanduku moja na hati ya shamba.